Feni Zisizosikika

Mama Festo alizikwa Kwamndolwa Jumamosi iliyopita, nami nilikwenda. Nilikaa nyuma kabisa, pamoja na wanawake ambao si ndugu wala majirani, nikala wali wa msiba kama wengine. Mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema marehemu alikuwa mfano wa subira, kwamba alipewa mtoto aliyepooza akamtunza bila kunung'unika mpaka mwisho. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi sikutikisa wala sikupinga. Msibani mtu hasemwi vibaya, na hata siku nyingine sina hakika ningesema nini. Niliporudi mjini Korogwe sikufungua kibanda changu. Nilikaa ndani na kompyuta za watu zilizofunguliwa matumbo, nikaufikiria ule mwaka niliokuwa na miaka ishirini na mbili, nilipofanya kazi kwao kule Hale. Habari za kwetu Sindeni, na kilichonitoa huko, nitaziacha. Kila mtu anazijua za kwake, na zangu hazikuzidi hizo. Nitaeleza ya chumba kimoja na waliokuwa wakiingia humo.

Kilikuwa chumba cha nyuma katika nyumba za wafanyakazi wa umeme, kimepakwa rangi ya mafuta ya kijani mpaka usawa wa kifua na chokaa juu yake. Kulikuwa na kitanda cha hospitali kilichonunuliwa mnadani, meza ya mninga, na juu ya meza kompyuta yenye ubavu wa kioo. Ndani yake ilipita mirija miwili myeusi ya mpira, minene kama kidole gumba, ikipeleka maji kwenye rejeta nyembamba iliyolazwa juu ya boksi. Rejeta nilizijua za malori. Hii ilikuwa na mbavu za bati zilizobanana kuliko meno ya kitana, na juu ya mbavu hizo feni tatu zilizonguruma kutwa nzima. Hale ina joto la bondeni, na ile mashine ilipopewa kazi nzito feni zilikwenda mbio mpaka maji kwenye glasi yakatetemeka. Mle ndani hukuweza kuongea bila kupaza sauti. Katikati ya kelele hizo alikaa Festo, kijana wa miaka ishirini na sita, amefungwa kifuani kwa mkanda ili asianguke mbele, na kijiti kimefungwa kwenye kiganja chake cha kulia kwa bandeji, akibonyeza herufi moja baada ya nyingine.

Alikuwa chuoni Dar es Salaam. Akaja likizo, akaanguka na pikipiki barabara ya Segera, shingo ikavunjika. Mikono iliinuka lakini vidole havikushika kitu, na kuanzia kifuani kwenda chini hakuwa na habari ya mwili wake. Ile mashine aliiunda mwenyewe kabla ya ajali. Sasa aliitumia kuhariri video za harusi. Wapiga picha wa Korogwe na Tanga walimtumia diski kwa basi, naye akawarudishia maharusi wanaong'aa. Kazi yangu ilikuwa kumgeuza, kumwogesha, kumlisha, kubadilisha mfuko wa mkojo, na kuwa vidole vyake. Zaidi ya hayo ilikuwa maji. Mtu aliyevunjika shingo hatoi jasho kama sisi, joto likizidi hupikika kwa ndani, kwa hiyo nilikuwa na beseni na kitambaa nikimfuta shingo na mikono asubuhi mpaka jioni.

Siku ya kwanza nilimsalimu, "Habari za asubuhi, kaka." Akanitazama mikono.

"Mama," akaita, "mbona mmeniletea mikono ya jembe?"

Mama Festo alicheka kidogo kwa aibu akasema nitazoea. Festo hakuniuliza jina. Aliniita Sindeni, na kwa mwaka mzima jina langu, Zaina, hakulitamka hata mara moja. Alipozungumza na wateja wake kwa simu aliiweka wasikike wote, kisha akaniambia nisome maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa kwenye boksi la kifaa fulani, nami nikasoma nilivyoweza, nao wakacheka kule upande wa pili. Alisema nanuka dagaa. Nikilia alisema, "Lia taratibu, nasikiliza muziki wa watu." Siku moja nilikuwa nafungua kifuniko cha mashine, skrubu ikaniponyoka. Nilipiga magoti nikaitafuta chini ya meza, chini ya kitanda, kwenye nyufa za sakafu, kuanzia chai ya saa nne mpaka mama yake alipoleta chakula cha mchana. Nilipoinuka na magoti yanauma, Festo akasema, "Iko pale kwenye gurudumu langu. Nimeiona tangu ilipoanguka." Leo nikimwambia mume wangu kisa hicho huuliza kwa nini sikuondoka siku ile. Sijui jibu zuri. Najua tu kwamba baada ya chakula Festo alinionyesha mahali skrubu hiyo inapokaa na kwa nini inakaa pale, na nilitaka kujua inayofuata.

Mama yake hakuwahi kuniinulia sauti. Alikuwa mwanamke mrefu aliyeanza kupinda, kwa sababu kabla sijaja yeye ndiye aliyembeba mwanawe kitandani na kumrudisha kwenye kiti, na mgongo ulikwisha kumharibika. Chakula cha Festo alikipakua kwanza. Samaki wa mtoni alimchambua miiba yeye mwenyewe, akiinamia sahani karibu na dirisha penye mwanga, na mlenda aliupika mzito ili usimdondoke kidevuni. Jioni alikuja kukaa miguuni pa kitanda akamsimulia habari za Kwamndolwa. Mzee Lukasi, baba yake Festo, alikaribia kustaafu na nyumba ya kazini ingerudishwa, kwa hiyo walikuwa wanajenga huko. Mama Festo alisimulia kwa sauti ya juu ili azishinde feni. "Mlango wako, baba yangu, unawekwa mpana. Kiti kitapita bila kugusa. Kizingiti hakitakuwepo." Festo aliitikia, "Sawa, mama." Nilidhani wakati ule ndio wakati wake mzuri wa siku.

Wakati wa kiangazi, joto lilipokuwa kali kabisa, aliniambia anataka feni zisizosikika. Nilifurahi kwa ajili ya masikio yangu. Nilimuuliza kama ni kwa ajili ya kulala vizuri.

"Wewe niletee tu," akasema. "Sababu ni yangu."

Nilikwenda Korogwe kwenye duka la Shabani, kijana aliyekuwa akiuza vifaa vya kompyuta karibu na stendi. Shabani aliniwekea mezani feni zenye taa za rangi, akaziwasha, na kweli hazikusikika. Nilisogeza sikio nikasikia upepo tu. Nikarudi nazo kama niliyeokota. Tulizifunga, chumba kikatulia, na Festo akaiweka mashine itoe harusi ya watu wa Tanga iliyokuwa karibu kumalizika. Haikuchukua muda mrefu. Mirija ilikuwa ya moto nilipoigusa, na mara kioo kikawa cheusi, mashine ikazima yenyewe, na ile kazi ikaharibika. Festo alinitukana mimi, akatukana na Sindeni nzima, na waliolima huko na waliozaliwa huko. Alipomaliza matusi, na hapo ndipo nilipoanza kumjua, alinieleza kosa lilikuwa wapi, polepole, kama mwalimu. Zile feni zilitengenezwa kwa kupitisha upepo mahali pa wazi. Mbele ya rejeta yenye mbavu zilizobanana upepo wake hugonga ukuta ukarudi. Rejeta inataka feni inayosukuma. Mapanga yake yawe mapana na yakaribiane, yasiache mwanya mkubwa wa kuona ng'ambo. Iwe na waya nne, ili mashine yenyewe iipunguze mwendo kukiwa na nafuu na kuiongeza kukiwa na joto, maana feni nzuri inayokwenda polepole ndiyo isiyosikika. Na uizungushe kwa kidole. Ikisimama kwa kukwaruza, beringi imechoka, hata kama leo iko kimya kesho italia.

"Na upepo nitaupimaje?" nikauliza.

"Chukua kipande cha chandarua. Kikunje mara nne, kiweke mbele ya feni, shavu lako liwe upande wa pili. Usisikilize kwanza. Sikia shavu."

Nilirudi kwa Shabani na kipande cha chandarua kwenye mkoba. Alicheka mpaka akawaita wenzake wa duka la jirani. "Dada, unanunua feni au unaogopa mbu?" Nikaendelea. Feni moja baada ya nyingine upepo ulifia kwenye kitambaa. Zile nzuri za kung'aa zote zilifia. Mwisho nikaomba anionyeshe alizokwisha kuzitupa, akanisukumia kwa mguu boksi la vitu vilivyotolewa kwenye kompyuta za ofisi zilizokufa. Humo nilikuta feni nne za rangi ya udongo, nzito, hazina taa, mapanga yake mapana kama majani ya mgomba mchanga. Moja ilikwaruza, nikaiacha. Tatu zilizobaki zilipitisha upepo kwenye chandarua nikausikia shavuni, mwembamba lakini haukukatika. Shabani hakuona ubaya kuziondoa dukani kwake.

Nilizisafisha kwa brashi ya viatu. Festo aliniagiza nikate vipande vya tyubu ya baiskeli niviweke kati ya feni na rejeta, ili bati lisitetemeke dhidi ya bati, kisha yeye kwa kijiti chake akazipangia mwendo kwenye mashine. Tulipoiwasha nilidhani imekataa kuwaka. Nikaweka mkono juu, hewa ya vuguvugu ikapanda kwenye vidole vyangu. Kilichobaki ni mvumo mdogo wa pampu, kama nzi aliye chumba kingine. Siku hizi wateja wengi huniomba feni za namna hiyo. Nawauliza ukubwa wa rejeta na kazi wanayofanya. Kwa nini wanataka ukimya, siulizi.

Jioni ile niliinuka kwenda jikoni kuchukua uji. Festo akasema kwa sauti ndogo, "Usiondoke. Na usiongee." Ndipo nikasikia ile nyumba kwa mara ya kwanza. Nilisikia kijiko kikigonga sufuria. Nilisikia Mzee Lukasi akivuta kiti, akikohoa, akikunjua karatasi. Ukuta ulikuwa wa tofali moja na juu yake, karibu na dari, palikuwa na matundu ya hewa. Siku zote zile maneno ya sebuleni yalikuwa yakipita pale yakazama kwenye kelele za feni, na waliokuwa sebuleni walijua hivyo, wakayaachia. Nikamtazama Festo. Alikuwa ameinua kidevu kuelekea kwenye yale matundu.

Hakusikia kitu siku ile, wala ya pili. Waliongea bei ya saruji na homa ya jirani. Siku iliyofuata fundi wa nyumba alikuwa amepita mchana, na jioni Mzee Lukasi akasema, "Anataka tumwambie kuta za ndani. Chumba chetu. Cha binti yetu Neema akija na watoto. Cha wageni. Na stoo."

"Na Festo?" Mama Festo akauliza.

Nikasikia mzee akivuta kiti. "Mama Festo, wewe ulikuwepo daktari aliposema. Watu wa hali hii hawakai sana. Tumjengee chumba mtu ambaye hatuna hakika naye? Tuje tukifunge kifuli kila tukipita tukione?"

Nilisubiri akatae. Nilikuwa nimemwona akichambua ile miiba, nikasubiri kwa uhakika kabisa. Alivuta pumzi nikaisikia. "Basi stoo iwe kubwa kidogo," akasema. Kisha, baada ya muda, kwa sauti ya mtu anayeongea na sufuria, "Mungu angemchukua siku ile ile barabarani, ningelia mara moja nikamaliza."

Mkononi nilikuwa na kitambaa chenye maji, kikawa kinanidondokea mguuni. Festo hakulia. Macho yake yalikuwa makavu na makubwa.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Sikusikia vizuri, kaka."

"Umesikia." Akageuza uso kwenye kioo cha mashine. "Feni hizi ni nzuri. Umechagua vizuri." Hakuwahi kunisifu kabla ya hapo.

Nina watoto sasa, nimelea mwenye degedege, na najua mtu aliyechoka anaweza kusema nini mbele ya jiko akiamini hakuna masikio. Wakati ule sikujua. Wakati ule nilidhani maneno yakishatoka ndiyo mtu mwenyewe. Festo naye alidhani hivyo, au aliamua kudhani hivyo. Kesho yake mama alipokuja kukaa miguuni pa kitanda, yeye ndiye aliyeanza.

"Mama, hebu niambie tena chumba changu."

Akaambiwa mlango mpana. Akauliza dirisha linatazama wapi. Mama akasita. "Linatazama milimani, baba yangu." Milima ipi hasa, ile ya upande wa Lushoto? Ndiyo, hiyo. Asubuhi ataiona? Ataiona. Na sakafu je, saruji au vigae? Vigae. Rangi gani? Mama akatazama mikono yake. "Vya kijivu," akasema, "visivyoteleza."

Akawa anamuuliza kila jioni. Alimuuliza taa itakaa upande gani, swichi itakuwa kimo gani, bafu litakuwa na bomba la kushika, maji yatatoka kwenye tangi au bombani. Siku akisahau rangi aliyoitaja, Festo alimsahihisha kwa upole. "Jana ulisema kijivu, mama." Na yule mama akasema, "Eeh, kijivu, nimechanganya." Alianza kuja na majibu aliyoyaandaa, nilimsikia akiyanong'ona kwenye ujia kabla hajaingia. Alikonda. Lakini ziko jioni nilimwona anatabasamu akisimulia lile dirisha, kama mtu anayeliona kweli, na hizo ndizo zilizoniumiza zaidi. Nilimwambia Festo, "Kaka, mwache mama."

"Kwani namfanya nini?" akasema. "Namuuliza chumba changu."

Mama Festo alikuja kugundua mwenyewe. Alikuwa ameleta uji, ameinama kumwekea mwanawe kitambaa kifuani, simu ya mzee ikalia sebuleni, na mzee akapokea, "Haloo, nani mwenzangu," maneno yakaingia mle chumbani kama yamesemewa pembeni ya kitanda. Mama Festo akabaki ameinama. Akatazama mashine, akatazama yale matundu, akanitazama mimi. Festo alifungua kinywa kusubiri uji. Akamlisha wote mpaka bakuli likaisha.

Kesho yake nilikuwa nasonga ugali, akaja akasimama mlangoni pa jiko. "Zaina, mwanangu. Zile feni za zamani ziko wapi?"

"Ziko chini ya kitanda, mama."

"Zirudishe."

Nilikuwa naogopa, nikaendelea kusonga. "Kaka hajaniagiza, mama."

"Mimi ndiye niliyekuleta hapa."

"Najua, mama. Lakini mashine ni ya kaka."

Hakunifukuza. Angenifukuza angempata nani wa kumgeuza? Alitoka, na jioni akarudi na redio kubwa yenye spika mbili, akaiweka kwenye ujia ikitazama mlango wetu. Kuanzia siku hiyo nyimbo za kwaya zilipigwa toka asubuhi mpaka watu wanalala, na nyuma ya kwaya wao waliongea. Festo hakuweza tena kusikia muziki wa harusi anazohariri. Alikosea, wateja wakalalamika, baadhi wakaacha kuleta. Hakumwomba mama yake azime. Aliendelea tu kumuuliza vigae, akipaza sauti kuishinda kwaya, na mama naye akipaza sauti kumjibu.

Mzee alipostaafu mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Aliingia chumbani, jambo alilolifanya mara chache, akasema nyumba ya Kwamndolwa haijaisha, kwa hiyo Festo atakaa Handeni kwa shangazi yake Agnesi kwa muda. Festo akauliza kwa muda gani. "Muda kidogo," mzee akasema, akatazama saa. Tulisafirishwa kwenye pikapu, yeye amelazwa kwenye godoro, mimi nimeshika mashine mapajani nikiiombea ipone mashimo ya barabara.

Shangazi Agnesi alikuwa mjane wa maneno machache. Alitupokea mlangoni akasema, "Mimi sikuombwa, niliambiwa. Karibuni." Chumba kilikuwa cha kuhifadhia mahindi, magunia yamesogezwa upande mmoja, na bado fukusi walikuwa wakitembea ukutani. Handeni shida ni maji. Tulinunua kwa dumu, na shangazi aliyapima: ya kunywa, ya kupikia, na yanayobaki ndiyo ya kuoga. Kitambaa changu nilikilowesha nikakikamua kurudisha maji kwenye beseni. Festo alitazama ile mirija ndani ya kioo. "Mashine ina maji yake," akasema. "Mimi napimiwa." Video za harusi ziliacha kuja. Aliiwasha mashine hivyo hivyo, akakaa mbele yake bila kufanya kitu, kidevu kimeinuliwa kuelekea mlangoni. Shangazi na wageni wake waliongea uani kutwa, tukiwasikia neno kwa neno. Waliongea mbuzi wa Wamasai walioingia shambani, foleni ya maji, mazishi ya mtu wa Kwamsisi.

"Hawanisemi," aliniambia siku moja. "Hale angalau walinisema."

Mama yake alikuja mara moja, na samaki wa kukaanga na machungwa kwenye kikapu. Alikaa juu ya gunia. Mle ndani kulikuwa na ukimya, hapakuwa na kwaya wala feni, naye alionekana hajui afanye nini nao. Akachambua samaki. Halafu, bila kuulizwa, akaanza, "Dirisha lako, baba yangu, wameshaweka kioo..."

"Acha, mama," Festo akasema. "Huku si lazima."

Akaacha. Alimlisha vipande vya samaki mpaka vikaisha, akasema gari litamwacha, akaondoka akiwa ameshika mgongo. Hawakuonana tena. Godoro lile la Handeni lilikuwa limebonyea, na ingawa nilimgeuza mara kwa mara kidonda kikafunguka kwenye nyonga, kikaingia ndani. Nesi wa zahanati alikuja akaosha, akaja tena, kisha homa ikashika. Alikufa mchana, jua kali, nikiwa namfuta shingo kwa kitambaa. Kabla ya hapo asubuhi alikuwa na akili zake. Alisema, "Ukimwona mama, mwambie chumba nimekipenda."

Msiba uliwekwa Kwamndolwa, kwenye nyumba mpya, ambayo ilikuwa imeisha kitambo. Nilisimama uani nikawatazama wanaume wakiingiza jeneza. Mlango wa mbele lilipita. Wa kwenda chumbani, walikotaka kulilaza, ulikuwa mwembamba, wakalipindisha ubavu, mtu mmoja akasema taratibu, taratibu. Mama Festo alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake. Aliponiona akanyoosha mkono, nikaenda nikapiga magoti mbele yake.

"Alisema neno lolote?" akaniuliza.

"Alisema nikuambie chumba alikipenda, mama."

Wanawake wakaangua kilio. Mmoja akasema, "Maskini, ameshukuru." Mwingine akasema mtoto mwenye shukrani huyo, na neno likapita mkeka kwa mkeka mpaka nje kwa wanaume. Mama Festo hakulia nao. Aliinuka kwa kunishika bega, akanipeleka nyuma, kwenye stoo, tukasimama kati ya magunia ya mchele wa msiba. Ilikuwa stoo kubwa, ina dirisha zuri.

"Zaina, alisikia mangapi?"

"Yote, mama."

"Na lile la barabarani?"

"Na lile."

Akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa wa chokaa, ukaacha vumbi jeupe kwenye vidole vyake, naye akalitazama. "Nililisema mara moja tu," akasema.

Nje walikuwa wanaita maji ya kunawa kwa ajili ya wageni waliofika kutoka Hale, akajifuta vidole kwenye kanga akaniambia nisiwacheleweshe watu, nikachukua jagi na beseni nikaanza na upande wa wanaume.